Kochi Lisilo na Breki

Asubuhi ile mkanda ulikutwa umefungwa.

Ni jambo dogo, na mtu mwingine angelipita bila kuliona. Lakini mwanamke aliyeshona kochi lile alikuwa na jicho kali, na si bure kwamba mtaa mzima ulimwita Sindano. Jioni iliyotangulia alikuwa ameuacha mkanda wa siti ukining'inia pembeni kama pambo, maana mteja alitaka kochi lake libaki na sura ya gari. Sasa mkanda ulikuwa umekatiza juu ya siti tupu, umevutwa ukakaza, na ulimi wake wa chuma umeingia kwenye kifungio. Sponji chini yake ilikuwa imebonyea.

"Hivi wewe utakua lini?" alimwuliza mdogo wake, aliyekuwa anavaa nguo za kazi. Mdogo wake huyo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini kwa dada yake hakuwa amekua bado.

"Nimefanya nini tena?"

"Umefunga mkanda."

"Dada, hata chai sijanywa. Labda kochi lenyewe limeogopa trafiki."

Sindano akacheka, akaufungua mkanda, akaipiga sponji kwa kiganja mpaka ikainuka. Ilikuwa na uvuguvugu wa mtu aliyetoka kunyanyuka. Hilo hakumwambia yeyote.

Karakana ilikuwa yao wenyewe, ya familia. Mume wa Sindano, ambaye kwa watu alikuwa Bampa, aliona samani ndani ya kila gari bovu. Kwake yeye bonet ilikuwa meza ambayo bado haijapata miguu, taa ya mbele ilikuwa taa ya kusomea, na nyuma ya gari, kuanzia nguzo ya katikati hadi buti, ilikuwa kochi lililokosea njia likazaliwa gari. Utaratibu wao haukubadilika: gari likiingia, shemeji yake, yule mdogo wa Sindano, anashika grenda na kulikata pale kwenye nguzo ya katikati, nyuma inabaki, mbele inaondoka siku hiyo hiyo kwa watu wa chuma chakavu, maana nafasi ilikuwa finyu. "Nani anataka usukani sebuleni?" Bampa alizoea kusema. "Mtu akishakaa, amefika."

Yeye akichomelea, mke wake akishona, na ugomvi wao wa kila siku, ambao ndio uliokuwa mapenzi yao, ulikuwa juu ya nani hasa mwenye kochi.

"Bila chuma changu wewe una godoro tu," Bampa angesema.

"Na bila sponji yangu, mume wangu, wewe una ajali."

Katika miaka yote ya ndoa hakuna aliyekubali kushindwa. Hawakujaliwa mtoto, na walishaacha kulisema jambo hilo. Walikuwa na karakana, na walikuwa wanatosheana.

Gari lililozaa kochi hili walilitoa korongoni, nyuma ya shamba la mtu. Lilikuwa refu, la zamani, na lilikuwa limelala humo miaka mingi hata mti mwembamba ukaota sakafuni na kutokea dirishani. Mwenye shamba hakutaka kitu chochote. "Liondoeni tu," alisema, naye mwenyewe hakushuka korongoni hata hatua moja. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Cha bure hawakukitaja, nadhani waliona ni aibu kumfafanulia mtu mzima. Mlango ulipofunguliwa, siti ya mbele ilikuwa imeoza mpaka kwenye chuma. Siti ya nyuma ilikuwa safi, haina hata vumbi. Mtu mwingine angejiuliza ni nani anayeipangusa. Bampa aliona mstari wa mabega ya lile gari, ulivyoshuka taratibu mpaka kwenye taa nyekundu za nyuma, akasema hajawahi kuona kochi zuri kama hilo.

Na lilikuwa zuri kweli, tusimnyime haki yake. Alilisugua, akalipaka rangi ya damu ya mzee, akalichongea miguu ya shaba. Watu walikuja kusimama mlangoni kulitazama. Duniani kulikuwa na vitu viwili alivyovipenda kwa moyo wote, mke wake na kochi lile, na hakuwa amewahi kulazimika kuvipanga kipi kitangulie.

Baada ya mkanda ikaja sauti. Ilikuwa mchana, grenda imezimwa, wote watatu wanakula. Kutoka kwenye kochi ikasikika tik, tik, tik, ya taa inayoonyesha kwamba gari linakata kona. Shemeji akainama nyuma ya buti na kuangalia. Waya zilikuwa zimekatwa siku nyingi, ncha zake zimefungwa utepe mweusi. Wakati bado ameinama, kochi likalalia upande mmoja, polepole, likakaa hivyo kidogo, kisha likajirudisha sawa. Sauti ikakoma. Karakana ikajaa harufu ya barabara iliyonyeshewa, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya nguo zilizofungiwa sandukuni muda mrefu.

"Shemeji, hili lirudi korongoni," alinong'ona yule kijana.

"Na miguu yangu ya shaba?" Bampa naye alinong'ona, ingawa hakujua kwa nini ananong'ona ndani ya karakana yake mwenyewe. "Ni sakafu. Sakafu hii haiko sawa."

"Sakafu haina indiketa."

Bampa akarudi kwenye sahani yake. Hakumaliza chakula, lakini kochi halikurudi korongoni.

Safari ya kwanza ya Sindano ilikuwa siku alipopanda kushona ukingo wa siti. Ilibidi akae ndani kabisa, mgongo kwenye kona, miguu ameikunja. Bampa alikuwa upande wa pili na miwani yake ya kuchomelea. Alipoivua akamwona mke wake amelala, kichwa kimeegemea mahali ambapo zamani palikuwa na kioo, mkanda umemkatiza kifuani. Akamwamsha. Nywele za Sindano zilikuwa zimevurugika kwa nyuma, kama za mtu aliyesafiri dirisha likiwa wazi, na nyusi zake zilikuwa na vumbi jekundu. Sakafu yao ilikuwa ya saruji.

"Mbona umeniamsha? Tulikuwa tunaongea," alisema.

"Na nani?"

"Na wewe. Si ulikuwa umekaa hapa?" Akapapasa siti iliyokuwa pembeni yake, akaitazama, kisha akamtazama mumewe na ile miwani mkononi. Tabasamu likamtoka usoni polepole. "Basi nimeota," akasema.

Mteja alikuja kuchukua mali yake. Alikuwa mwenye hoteli, mtu wa kucheka sana, na alikaa kwenye kochi kwa kujitupa. Hakumaliza hata kuegemea. Alisimama ghafla, ameshika goti lake kana kwamba kuna mkono ulioligusa, akauliza kwa sauti ndogo, "Hili kochi linaenda wapi?" Bampa akadhani anauliza litawekwa chumba gani. Mteja hakungoja jibu. Aliacha kofia yake, na hakuirudia.

Hivyo kochi likabaki. Na hapo ndipo Bampa alipopaswa kulitoa nje, hata kwa kulivuta kwa kamba, lakini mtu hatupi kazi bora ya maisha yake kwa sababu ya goti la mteja. Akalifunika shuka, akasema atapata mteja mwingine.

Sindano akawa analifunua. Mwanzoni alitoa sababu, kwamba kuna mshono umelegea, kwamba kuna kona haijakaa sawa. Baadaye hakutoa sababu tena. Kila mchana, jua linapokuwa kali na mtaa unaposinzia, angepanda na kufumba macho, na kila mara alichelewa zaidi kurudi. Alirudi na miguu ya baridi. Alirudi siku moja na jani limenasa kwenye pindo la gauni, jani la mti ambao hakuna aliyeujua. Mumewe alimsihi, akamgombeza, akaufunga mlango wa karakana kwa kufuli. Akamkuta ndani, kufuli likiwa halijaguswa.

"Unanifuata, halafu unanigombeza," alisema Sindano kwa upole. "Jana tu uliniambia tumebakisha kidogo tufike."

"Si mimi, mke wangu. Mimi nilikuwa sokoni kununua misumari."

"Ni wewe. Ila kule una muda."

Neno hilo lilimchoma Bampa kuliko cheche zote zilizowahi kumwangukia. Jioni alimpikia yeye mwenyewe, akamwekea sahani mbele. Sindano akaisogeza.

"Nimeshiba. Nimekula njiani."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni aliposikia hayo, na uso wake ukapauka, kwa sababu hata mtoto mdogo anajua kwamba anayekula cha wale wenzetu wasioonekana amekubali kuwa mgeni wao.

Kesho yake hakurudi. Mwili ulikuwapo kwenye kochi, macho wazi, lakini hakusikia akiitwa. Alikuwa akiyumba. Kochi likiwa limetulia tuli juu ya miguu yake minne ya shaba, yeye alilalia kulia, akalalia kushoto, akarushwa kidogo juu kwenye matuta ambayo hayakuwapo, na mara nyingine akainama mbele kama gari linapoteremka mlima mrefu, na Bampa aliposogeza mkono wake mbele ya uso wa mke wake alihisi upepo ukipita kati ya vidole, upepo wa kasi, wa baridi, wenye harufu ya lami na majani mabichi, ndani ya karakana ambayo madirisha yake yote yalikuwa yamefungwa. Akabonyeza kifungio cha mkanda, hakikufunguka. Shemeji akashika kisu, akaanza kuukata, na uzi wa kwanza ulipokatika Sindano akatupwa mbele kwa nguvu, damu ikamtoka puani, na begani pakatokea mchubuko mrefu wa mtu aliyeburuzwa barabarani.

"Acha!" Bampa alipiga kelele. "Acha, utamuua!"

Mganga aliyeletwa alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, aliyefika na mfuko wa plastiki na haraka ya mtu mwenye wagonjwa wengine. Walipoanza kumweleza aliwanyamazisha. "Msinisimulie. Nionyesheni." Akazunguka kochi, akaweka kiganja kwenye chuma, akakiondoa upesi.

"Linakwenda kasi hili," alisema. "Mbele yake iko wapi?"

"Mbele gani?"

"Gari lina mbele na nyuma, baba. Nyuma naiona."

"Tuliiuza chuma chakavu," Bampa alijibu. "Sisi huwa tunakata, tunaacha nyuma. Imeshayeyushwa."

Mganga akavua miwani, akaifuta kwa kanga yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Gari likilala porini miaka yote hiyo halikosi mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu wa kwenu alikuwa amekaa siti ya nyuma, ametulia, hana neno na mtu. Ninyi ndio mliompa safari. Mmekata usukani, mmekata breki, mkamwachia siti, tena mkamshonea upya. Siti peke yake haijui kusimama. Imetoka, na itakwenda tu."

"Basi mtoe mke wangu!"

"Ukimvuta mtu kwenye gari linalokimbia, utaokota nini?"

Wakasikia matairi, mbali, yakipita kwenye maji.

"Wewe si fundi?" mganga alimwuliza hatimaye. "Litengenezee mbele."

Sijui kama umewahi kuona mtu akifanya kazi huku analia. Bampa alitafuta usukani kwenye mabaki ya gari jingine, akatafuta pedali, akachomelea vyuma vilivyokuwa miguu ya meza za watu, akakata, akapima, akakata tena, na shemeji yake akimshikia vyuma bila kusema utani hata mmoja. Na nyuma yao mwanamke waliyempenda wote wawili aliendelea kuyumba kwenye kona za barabara ile, midomo ikikauka, maji waliyomdondoshea yakitiririka tu shingoni. Ilipokuwa mchana wa pili palikuwa na kitu mbele ya kochi: siti ya dereva, usukani uliopinda kidogo, na breki. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya.

Mganga akamkalisha Bampa kwenye siti ya dereva, akamnyunyizia maji ya mfuko wake, akamwinamia sikioni.

"Utawasikia wakiongea. Aliye pembeni ya mke wako amevaa sauti yako. Usimjibu. Mke wako akiiona nyumba yake, nyumba yenu hii, atasema 'hapa'. Akisema hapa, kanyaga. Kabla ya hapo, hata akilia, hata akikuita, hata ukisikia nini, mguu wako ubaki juu. Umenielewa?"

"Na nikikanyaga mapema?"

"Utakuwa umemshusha njiani. Na huko njiani mimi sina mkono."

Bampa akashika usukani.

Kwanza ilikuja baridi miguuni, halafu mtetemo, kutoka chini, wa gari zima, na ukuta wa karakana uliokuwa mbele yake, pamoja na nyundo na koleo zilizotundikwa, ukawa unasogea bila kusogea, na mikono yake ikaanza yenyewe kufuata kona za barabara ambayo hakuiona, na nyuma yake, karibu kabisa, akamsikia mke wake akihema kwa furaha ya mtu anayesafiri, akisema tazama kile kilima, tazama wale ndege, na sauti ya mwanamume ikimjibu taratibu, na sauti ile ilikuwa ya Bampa mwenyewe, lakini haikuwa na uchovu, haikuwa na vumbi la chuma kooni, ilikuwa sauti aliyokuwa nayo zamani alipomposa. Wakaongea juu ya nyumba. Wakaongea juu ya watoto watakaokuwa nao. Bampa aliuma mdomo wake mpaka akaonja damu, na mguu wake ukabaki juu.

"Tunakaribia," alisema Sindano. "Naanza kupatambua. Ile ni kona ya shule."

Kona ya shule ilikuwa ya mtaa wao. Shemeji, aliyesimama ukutani, alisema baadaye kwamba hapo aliona uso wa Bampa ukifunguka kwa matumaini, na ndipo yeye naye akaanza kulia.

Kisha ile sauti ikasema, kwa upole sana, "Unajua, mke wangu, nilikuwa nakubishia bure. Kochi lilikuwa lako siku zote. Bila sponji yako mimi nilikuwa na ajali tu."

Na Sindano akacheka. Alicheka kile kicheko cha chini, cha kooni, alichokuwa anakitoa walipokuwa wapya, ambacho Bampa hakuwa amekisikia kwa miaka mingi na alidhani kimekwisha tu, kama vitu vinavyokwisha. Kumbe kilikuwapo. Kilikuwa kinangoja mtu wa kukubali kushindwa. Likasikika busu.

Wivu hauna macho. Bampa alikanyaga breki kwa mguu wake wote.

Kochi lilipiga kelele ya chuma iliyosikika mpaka mtaa wa nyuma. Mtetemo ukafa, upepo ukafa. Mkanda ukafunguka wenyewe, ukarudi taratibu kwenye kibweta chake. Sindano akashuka. Alikuwa mzima, mwenye nguvu, rangi imerudi usoni. Akajipangusa gauni, akaitazama karakana kuanzia kwenye paa hadi kwenye sakafu, akitafuta kitu anachokijua. Kisha akamgeukia mtu aliyekuwa kwenye usukani, aliyemnyooshea mikono.

"Asante, dereva," alisema kwa adabu. "Hapa si kwetu, ila nitauliza."

Mganga akakaa juu ya kopo la rangi. Hakufungua tena mfuko wake.

Sindano alimtambua mdogo wake. "Umejuaje niko huku?" alimwuliza kwa mshangao, akamshika mkono, akamfuata mpaka nyumbani, na nyumbani napo alipatambua nusu nusu. Mume wake tu ndiye aliyepotea. Bampa alimletea picha yao ya harusi. Sindano akaishika kwa vidole viwili, akatabasamu.

"Ndiye huyu. Amesema nitangulie, yeye atafika. Kweli mnafanana kidogo, dereva."

Akamtandikia Bampa sebuleni. Alimhurumia, mtu mzuri, hana kwao. Alimwekea chakula, akamfulia mashati, akamwuliza kama ana mke, na Bampa alipojibu kwamba anaye, alimwambia amrudie upesi, kwa maana wanawake wanateseka kungoja. Kila jioni alivaa vizuri, akakaa dirishani. Bampa alikaa upande wa pili wa chumba. Wakati mwingine alijaribu. "Kochi lilikuwa lako," alimwambia siku moja. "Lilikuwa lako siku zote." Alikuwa amechelewa, na lilikuwa limeshasemwa na mwingine. Sindano alimtazama bila kuelewa, akamwongezea chai.

Shemeji kwa hasira alilimwagia kochi mafuta akalichoma uani, mbele na nyuma pamoja, mpaka miguu ya shaba ikalainika. Wakampigia mganga simu kumweleza. "Mngeuliza kwanza," alisema. "Alikuwa na chombo. Sasa atakuja kwa miguu."

Mambo mengine yalikwenda polepole, na Bampa aliyaona yakienda. Majirani, kwa utani, walianza kumwita Dereva, kwa sababu mke wake alimwita hivyo, na mtaa ukipata utani hauuachi. Utani ukazoeleka. Wateja walifika mlangoni wakauliza kama Bampa yupo, wakimwuliza yeye mwenyewe, uso kwa uso, na aliposema ndiye, walicheka kidogo wakasema watarudi. Shemeji alimwita dereva mbele ya dada yake ili kumtuliza. Siku moja alimwita hivyo wakiwa wawili tu, karakanani, akimwomba ampe koleo, na hakugundua alichosema. Bampa alimpa koleo. Aliogopa kumsahihisha, kwa sababu aliogopa kuona uso atakaoufanya.

Alikuja mchana, jua likiwa juu ya paa. Sindano alikuwa anapanga vikombe, Bampa anatengeneza bawaba ya kabati, shemeji amejinyoosha barazani. Ikaingia harufu ya barabara iliyonyeshewa, na nje hapakuwa na wingu.

"Hodi humu!"

Bampa alihisi sauti ile ikipita kwenye kifua chake kwanza kabla ya kuingia masikioni. Bisibisi ikamponyoka. Sindano aliacha vikombe, akakimbia, na kicheko kile cha kooni kikamtangulia mlangoni.

Mtu aliyeingia alikuwa na alama za cheche mikononi. Alikuwa na kovu dogo kwenye kidevu, kovu la Bampa, la mnyororo uliokatika zamani, na viatu vyake vilikuwa vimeliwa na njia ndefu. Akamkumbatia mke wa Bampa, akafumba macho. Alipoyafumbua, yalimtazama Bampa juu ya bega la Sindano, yakatulia hapo, na hayakupepesa.

"Mume wangu, huyu ndiye dereva aliyenileta," Sindano alisema, machozi yakimtiririka. "Amenitunza kama dada yake."

"Mungu akulipe, ndugu yangu," yule mtu alimwambia Bampa. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya nguo za sandukuni.

Bampa akamtazama shemeji yake, aliyekuwa amesimama mlangoni. Yule kijana ndiye aliyekata gari, ndiye aliyeshika vyuma siku ile, ndiye aliyelia. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa mzito, wa mtu anayetafuta neno alilokuwa nalo jana. Kisha ukafunguka.

"Shemeji!" alisema, akamwendea mgeni kwa mikono miwili. "Ulikuwa wapi siku zote hizi? Dada kidogo apate wazimu!"

Wakamkalisha mezani. Sindano akamletea maji. Ndipo shemeji akageuka, akamkuta Bampa bado amesimama katikati ya chumba.

"Dereva, bado upo? Umesahau kitu?"

"Mimi ndiye Bampa," Bampa alitaka kusema. Akafungua mdomo wake, akasukuma maneno kwa nguvu zake zote, na maneno yakasikika, wazi kabisa, kwa sauti yake mwenyewe. Yalitoka kwa yule aliyekaa mezani.

"Mimi ndiye Bampa," mgeni alisema huku akipokea maji, na mke akacheka, akamwambia, "Kwani kuna aliyekuuliza?"